Msamaha wa Damu Asiyoimwaga

Juma hili nilikuwa kwenye duka la kupigisha chapa, hapa mjini Nizwa, nikingoja fomu yangu ya pasi. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa akimsomea karani barua: aila yetu inawaomba jamaa wa marehemu watusamehe damu ya ndugu yao.

Akaingia binti wa nduguye. Shikamoo akaitoa kwanza, ndipo akaichomoa karatasi kwenye mashine.

"Ami, nani kakwambia kaka yangu kaua?"

"Mahakama ya bara, huko ng'ambo anakoishi, imeshamhukumu kunyongwa. Wenye damu wakisamehe, mtu hanyongwi. Si ndivyo tufanyavyo?"

"Ndivyo hapa. Huko tumekata rufaa. Mashahidi wawili walisema siku ya mauaji kaka alikuwa mji mwingine. Jaji alipowafafanulia kesi wazee wa baraza, wale raia wanaotoa rai kabla ya hukumu, hakuwataja mashahidi hao hata kwa neno. Rufaa yetu ni hiyo. Barua hii ikifika, itasemwa aila nzima imekiri."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la dishdasha, kanzu yake. "Nilitaka kumwokoa."

"Ulimuuliza kama kaua?"

Mzee aliendelea kufuta miwani iliyokwisha takata.

Nilitoka na hasira ambayo haijanishuka. Msamaha wetu tunajisifia, na kweli umeokoa shingo nyingi. Lakini jaji aliwasahau mashahidi wawili, anakatiwa rufaa. Jamaa wa mshtakiwa walisahau kumuuliza mwenyewe kama kaua, na hao sijui tuwakatie rufaa wapi.