Koti Nililomshonea Assani

Bado naikumbuka siku ya mchezo wetu pale Kasongo, mwanangu, wakati ule Wabelgiji walipotutawala. Umeniambia kwamba ninyi vijana mnatayarisha mchezo wa kuigiza, na wewe umepewa kazi ya mavazi. Basi kaa kidogo. Kazi hiyo niliifanya mimi pia.

Nilikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na miwili, mwenye majivuno mengi. Mwalimu Gabrieli, aliyefundisha shule ya misheni, alitunga mchezo juu ya mfalme mlafi anayewanyima watu wake chakula. Alimpa kila mtu kazi yake. Mmoja alichora kijiji kwenye kitambaa cha merikani, kwa mkaa na udongo mwekundu, tukakitundika nyuma ya jukwaa. Mwingine alishika kamba ya pazia. Rafiki yangu Assani ndiye alikuwa mfalme. Mimi niliambiwa nimshonee joho jekundu, refu, ili watazamaji wajue kuwa hii ni hadithi ya kale.

Joho nililishona. Lakini kwa siri nilishona na koti jeupe, lenye vifungo vya shaba na mifuko minne, sawasawa na la Mzungu wa serikali aliyetutawala. Nilitaka watu wacheke, kisha waulizane fundi ni nani. Mchana wa mchezo, zikiwa zimebaki dakika chache, nilimvalisha Assani lile koti. Aliniuliza kama Mwalimu analijua. Nikasema ndiyo.

Mzungu mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa mbele. Assani alipotokea, watu walicheka, halafu kicheko kikakatika ghafla na wote wakatazama chini. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kijiji kilichochorwa kilikuwa chetu, na mbele yake lilisimama koti lile. Hadithi ya kale ilikuwa imegeuka kuwa ya siku ileile. Assani aliendelea kusema maneno yake huku jasho likilowesha kola. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikichungulia.

Mzungu alisimama. Askari wawili wakapanda jukwaani.

“Nguo hii iko ya nani?” aliuliza.

Assani alijua. Hakunitazama, mwanangu, na hilo lilinitisha kuliko bunduki za askari. Kutoka pale nilipojificha hadi aliposimama zilikuwa hatua tatu tu. Sikutoka. Aliyetoka ni Mwalimu Gabrieli, kutoka upande wa pili.

“Mchezo ni wangu,” alisema. “Yote mnayoyaona hapa nimeyakubali mimi.”

Alipelekwa Kabambare kwa miguu, afungwe miezi mitatu na kuchimba barabara. Assani alichapwa fimbo mbele ya ofisi, nami nikasikia kila pigo nikiwa nyuma ya ukuta.

Siku nyingi nilidhani kila mtu aliyepita barazani kwangu ni askari. Kisha nikaanza kukwepa hata njia aliyopita mke wa Mwalimu, na aibu hiyo ikanishinda. Nilifunga muhogo na samaki mkavu, nikaenda Kabambare. Nilimkuta Mwalimu barabarani, jembe mkononi, amekonda. Nikamwambia nimekuja kukiri kwamba koti ni kazi yangu. Alinikataza, alisema watamchapa Assani tena kwa kunificha. Halafu akaniambia polepole:

“Ungeniuliza, labda ningelikubali lile koti. Mimi pia nina macho. Lakini wewe ulishona, mwenzako akavaa, na hukutuachia nafasi ya kuchagua.”

Alirudi hai, na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Assani alinisamehe kwa mdomo, ila jukwaani hakupanda tena, naye alikuwa mwigizaji hodari kuliko wote niliopata kuwaona.

Kwa hiyo, mwanangu, tandaza kila nguo mbele ya wenzako kabla ya siku yenyewe, na mchoraji naye aonyeshe kitambaa chake. Anayevaa ajue watu watamwona kuwa nani. Kama kuna hatari, ijulikane kwa wote, na anayeogopa aruhusiwe kukataa bila kuchekwa. Usimdanganye mtu anayekwenda kusimama mbele ya watu akiwa amevaa kazi yako.

Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi wa kweli. Awalinde wote utakaowavalisha, na mchezo ukiisha mrudi nyumbani nyote.