Sikio la Shangazi Theodosia

Adela alikuwa fundi cherehani wa Mshangano, na hadi mwaka 1988 magauni ya komunyo ya kwanza pale mtaani karibu yote yalipita mikononi mwake. Alikata vitambaa mpaka mwezi wa mwisho wa mimba yake. Kisha akazaliwa Oliva.

Mtoto alikuwa na kidevu kidogo kilichorudi nyuma. Masikio yote mawili yalikuwa na mkato, kana kwamba mtu ameitenga ile nyama laini ya chini kwa wembe. Mama mkwe, bibi Eufrasia, aliyatazama, halafu akaitazama cherehani.

"Nilikukataza kushika mkasi na mimba, mwanangu. Ona sasa."

Hakusema kwa ubaya, alikuwa analia. Pengine ndiyo maana Adela alimwamini.

Oliva hakuweza kunyonya. Kinywa kilifunguka kidogo tu na maziwa yalimpalia. Adela akawa anakamua maziwa na kumnywesha kwa kijiko, tone kwa tone, kisha anamlaza kiubavu apate kupumua. Mtoto akaishi, akatambaa, akaanza kuongea maneno yake ya kubana meno. Lakini cherehani ilibaki kwenye kona, imefunikwa gunia. Mitumba ilipoanza kujaa sokoni, watu walimletea suruali za kupunguza viuno, akawarudisha.

"Adela, miaka sita sasa," mumewe Kajetani alimwambia.

"Nikishika mkasi nayaona masikio yake. Niache."

Mwaka 1994 akaja Theodosia, shangazi yake Kajetani, kutoka Lusewa, kutibiwa macho. Alikuwa mama wa kilemba, kimefungwa chini hadi shingoni, hata jikoni hakivui. Siku ya pili mvua ilimnyeshea akitoka hospitali.

"Mkamwana, nisuke basi, kichwa kimelowa chote."

Mvua ilipokatika, Adela akakaa nyuma yake uani na kitana. Alipovuta nywele za upande wa kushoto, akaona sikio lina mkato chini.

"Shangazi, nani alikukata sikio?"

"Anikate nani? Nimezaliwa nalo. Babu yetu alikuwa nayo hivihivi, yote mawili. Shuleni walinicheka mpaka nikajifunza kujifunga."

"Mama yako alikuwa anashona?"

Theodosia akacheka. "Mama? Alishika jembe tu. Hata kifungo tulimshonea sisi."

Adela akaanza kulia, akamwita mama mkwe. Bibi Eufrasia alikuja, akatazama, akakaa chini palepale kwenye matope.

"Miaka thelathini na tano wewe ni wifi yangu, sijawahi kukiona kichwa chako! Na marehemu kaka yako alifuga ndevu tangu ujana, hata kidevu chake sikukijua. Adela, nisamehe, mwanangu."

Wiki ile wote walikwenda kwa daktari. Alimpima Oliva, akamwangalia Theodosia, mwishowe akamwambia Kajetani apanue kinywa. Vidole viwili tu viliingia, na meno yalikuwa yamesongamana.

"Hii ni hali adimu ya kurithi," daktari alisema. "Wengine inawashika masikio, wengine taya, wengine haionekani kabisa. Mama hakufanya kosa lolote."

"Hata mkasi?" Adela aliuliza.

"Hata mkasi."

Walipokaribia nyumbani Kajetani akasema, "Kumbe ni mimi."

"Wewe ulichagua kinywa chako?" Adela alimjibu. "Tembea, bwana, nina njaa."

Alikula sahani mbili. Hakuwa amekula hivyo tangu uchumba wao.

Siku zilizofuata bibi Eufrasia ndiye aliyezunguka nyumba moja baada ya nyingine, akiingia hata kwa watu ambao hakuwa anasalimiana nao, kueleza kwamba masikio ya Oliva yalitoka upande wa mume, wala si kwa mkasi, na kwamba Adela atashona tena. Jumatatu, kabla Adela hajamaliza kufagia uwanja, wanawake wanne walikuwa wamesimama kibarazani na mitumba yao mkononi, wakibishana nani alifika kwanza.