Siku Mama Alipoingia Wodini

Mume wangu alikuwa askari. Bodaboda ilimwangusha karibu na Mpumudde, akapiga kichwa, na kwa miezi mitatu akalala hospitalini Jinja, macho wazi, bila kumjua mtu. Mimi nilimwogesha asubuhi. Wifi yangu, dada yake, alishika zamu ya mchana.

Kila tukikutana wifi ananiambia, "Leo ameangalia mimi."

Sikumwamini hata kidogo. Mbona mimi haniangalii? Nilijua anachotaka: watu waseme kaka yake anaitambua damu yake, mke hamjui. Nilimchunguza mpaka namna alivyokunja shuka.

Daktari, aliyepita saa tatu kila asubuhi, alishakata tamaa. Ijumaa tumpeleke nyumbani, alisema, maana hapa hapati nafuu yoyote.

Alhamisi mchana mama yangu alifika kwa basi kutoka Mbale, akakaa barazani. Kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawaonani uso kwa uso, hata mmoja akiugua. Lakini mimi nilitaka shahidi wa kumuumbua wifi.

"Ingia, mama. Yeye haoni kitu."

"Mimi naweza ona mkwe yangu kitandani namna gani? Hiyo ni mwiko."

Nikamvuta mkono.

Mama aliposimama miguuni pa kitanda, macho ya mume wangu yalitua kwake. Kisha polepole, shingo ikitetemeka, akageuza uso ukutani. Mama akajifunika leso, akatoka. Wifi, aliyekuwa kando ya kitanda, akamvutia kaka yake shuka hadi kidevuni; heri angenitukana. Aibu ilinichoma, kwa sababu kumwingiza mama mle kulikuwa ni kumhesabu mume wangu maiti.

Nilimsimulia daktari. Akauliza dawa ya kuzuia kifafa, aliyoanzishiwa baada ya ajali, anapewa saa ngapi. Alfajiri, nikasema. Akafungua faili, akaipunguza dawa na kuihamishia usiku. Ijumaa ikapita tukiwa bado wodini. Kumbe miezi yote ile mimi na daktari tulikuwa tunamkuta amelewa dawa, na wifi akimkuta imemtoka.

Neno la kwanza alilitoa asubuhi, zamu yangu, baada ya wiki nyingi za kufundishwa kumeza uji. Midomo ilipoanza kucheza nilimwinamia, nilisikie jina langu.

"Mama mkwe," alinong'ona, "amekwisha enda?"