Balozi Kornelio na Koki ya Pipa Langu

Kornelio alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi tangu ujamaa ulipotufikia huku juu, na mpaka anakufa hakuweza kumwona mtu anafanya kazi peke yake akanyamaza. Ukipalilia maharage yako, huyo anakuja na jembe. Ukimfukuza mbuzi kwenye kabichi, anataka kujua kikao kimeamua lini. Waliomcheka nyuma ya mgongo ni wengi. Mimi nilimcheka usoni.

Nyuma ya nyumba yangu palikuwa na pipa la chuma la kuchemshia maji, aliloniachia mama mmoja wa misheni. Asitokee mtu kusema nilipewa bure, nilimfulia nguo miaka mingi. Moto chini, maji juu, bomba linaingia bafuni. Mwezi wa saba, na baridi ile, koki ya chini, ya kumwagia maji machafu, ikaanza kuvuja. Inadondokea kuni, moto unazimika. Na mama yangu, Bibi Yunis, alikuwa na miguu ambayo baridi ikiishika hasimami mpaka aikande kwa maji ya moto. Tangu koki iharibike alikuwa hajatoka kitandani.

Nikamwita fundi Silvano. Akaja na spana, koki mpya, na katani ya kuzungushia kwenye nyuzi za koki isivuje. Hajainama vizuri, Kornelio huyo.

"Ndugu Silvano, peke yako?"

"Balozi, kidude chenyewe ni cha mkono mmoja."

"Ndiyo maana unaonewa. Mkono mmoja!"

Akapuliza filimbi. Watu wakaja na majembe, maana filimbi ni majembe. Mmoja akashika spana, mwingine akamshika kiuno, na wa nyuma naye kiuno, mstari mpaka kwenye migomba yangu, wanavuta kwa wimbo. Silvano akapiga kelele, "Mmemwaga maji kwanza?" Wote wakaitika ndiyo, kila mtu akijua mwenzake amemwaga.

Koki ikachomoka. Mstari mzima ukalala migombani, na maji yakampiga Kornelio kifuani. Akaziba tundu kwa kidole gumba.

"Toa kidole, balozi, maji yaishe!" Silvano akamwambia.

"Maji haya wamebeba kina mama toka mtoni. Hayamwagwi bila kikao."

"Nimebeba mimi!" nikasema.

"Basi kaa, mama, tuanze."

Akaendesha kikao kidole kikiwa tunduni, maji yanamchuruzika mpaka kwapani. Akaomba mtu wa kupokezana naye. Wote wakatazama majembe yao. Ndipo mama yangu akapaza sauti kutoka ndani, kwa Kishambaa, kwamba miguu yake haina kikao. Kornelio alimwogopa mama. Silvano akazungusha katani haraka, kidole kikatoka, koki mpya ikaingia huku maji yanamrukia fundi machoni. Ikakaza. Hata tone halikutoka.

Nikawasha moto, ukashika. Maji yalipochemka nikampelekea mama beseni, akatumbukiza miguu, akafumba macho. Kornelio alikuwa bado uani, meno yanagongana. Watu wake walishaondoka.

"Shikamoo, mama," akasema mlangoni.

"Marahaba. Unatetemeka nini?"

"Si mimi. Ni wananchi."

"Vua makubazi, mwananchi."

Akavuta kigoda, akaingiza miguu yake mirefu kwenye beseni lile lile. Mama akamwambia akichezea maji atamtoa. Hakuchezea.