Mama Aling'arisha Upanga wa Mjapani

Admin, jina langu lifunike kabisa, mtaa utanicheka. Mimi ni mwanaume wa miaka 53, mkaazi wa mtaa wa Umoja. Shule niliiacha darasa la saba, lakini dunia nimeisoma. Nimeendesha lori Doha, nimekula meza moja na Wafilipino, Wahindi na mtoto wa sheikh. Nikianza stori pale kinyozi, hata aliyemaliza kunyolewa hatoki kwa kiti. Leo sina mzaha mdomoni.

Marehemu baba alipigana vita vya Burma akiwa kijana, akarudi na upanga wa afisa wa Kijapani. Ulikaa chini ya kitanda, umefungwa kwa leso, na sisi watoto tulikatazwa hata kuutaja. Kabla hajafa alimwambia mama, "Mwenye upanga huu nilimuua mimi. Tafuteni jina lake, watu wake warudishiwe." Mama sasa ana miaka 87 na hiyo ndiyo kazi aliyobaki nayo. Anataka jina hilo lisomwe kanisani pamoja na la baba, siku ya kumkumbuka.

Mimi mjuaji nikasema niachieni. Nikapata jamaa wa mjini anayetambua vitu vya kale. Aliangalia picha kwa simu, akasema huo si wa kiwandani, umefuliwa kwa mkono, una thamani kubwa. "Jina la fundi huchongwa kwenye chuma ndani ya mpini. Mara nyingine la mwenye upanga huandikwa hapo kwa wino. Kutu yake msiguse, hiyo ndiyo inaonyesha umri. Jumamosi nitakuja nifungue mwenyewe."

Nilimwambia mama mgeni anakuja. Hiyo ya kutu sikumwambia, niliona ni mambo yetu sisi wataalamu.

Jumamosi tukafika kwa mama. Upanga uko mezani, unang'aa kama sufuria ya harusi. Mama amevaa kitambaa cha kanisa. "Baba," huniita hivyo kwa sababu nina jina la babake, "mgeni ataonyeshwa kitu kina kutu kama jembe la mvivu? Nimeupeleka kwa fundi wa madirisha huko Mowlem. Ametoa mpini, amepiga grainda ya kusaga chuma mpaka ndani kabisa."

Jamaa alisukuma kijiti cha mwanzi kinachoshika mpini, akauvuta. Chuma kilikuwa kitupu, laini kama kijiko. Akaniambia kwa Kiingereza, mama asielewe, kwamba hapo hakuna cha kusoma tena. Akamaliza chai yake, akamshukuru mama, akaenda.

Sikulia. Sikukasirika. Nilikula chapati, sikusikia ladha. Tangu siku hiyo niko tu, kama redio isiyo na betri. Kinyozi ananiita, "Bosi wa Doha, leo huna stori?" Namwambia koo linauma.

Mama anaamini majibu ya yule jamaa yako njiani. Kumkumbuka baba ni Jumapili ijayo. Nikisema ukweli, atajua ni yeye aliyefuta jina ambalo baba alimwachia alitafute. Nikibuni la uongo, na kubuni najua, litasomwa mbele ya altare, na yule Mjapani ataombewa kwa jina la mwingine.

Jana ameniuliza, "Baba, hilo jina ni refu? Nifundishe mapema. Meno yameisha, sitaki kulitamka vibaya."

Jamani, mimi ndiye huwa na jibu la kila kitu. Hili nawaachia nyinyi: nimwambie mama nini?