Chungu Kilichochelewa Kuisha

Niliondoka Tabora kwa sababu mke wangu alikuwa amekufa na kwao hakuna aliyejua. Bitondo alizaliwa Umanyema, ukingoni mwa Lualaba, karibu na mahali Mto Kasuku unapoingia. Aliletwa kwetu akiwa msichana, katika msafara ambao hakuuchagua. Nyuma ya nyumba yetu alipika pombe ya ndizi, nzito, yenye harufu ya moshi, na ninyi mliowahi kukaa mkekani kwangu mnaijua. Mlikuja kwa kata moja mkaondoka jua likizama. Waswalihina, wacha Mungu wasiogusa pombe, watanisamehe.

Alipofariki, nyumba ilinishinda. Hata kabla ya hapo sikuwa mtu wa kutulia. Shule niliyosoma pwani ilinifundisha hesabu na kuandika, nikawa karani wa misafara, na miguu ikajifundisha mengine. Nikachota udongo kidogo wa kaburi lake, nikaufunga katika kitambaa, nikaenda kumpa mama yake.

Ujiji nilifika nimechoka, na hiyo ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Ziwa tulilivuka mawimbi yakiingia chomboni, nikachota maji hadi viganja vikachubuka. Ng'ambo ya pili njia inapanda, kisha msitu unafunga. Zamani, nikiwa kijana, milima ile niliipanda nikiimba na wapagazi. Safari hii nilihesabu pumzi.

Kabambare nililala nina homa katika nyumba ya mjane mmoja aliyeninywesha uji na hakuniuliza nilikotoka. Watu wa huko wameacha kuuliza. Vita vimepita na mashamba mengi yamerudi kuwa pori. Nyangwe, mji ambao vijana wa Tabora tuliusikia kama hadithi, na soko lake lililojaa wanawake kutoka vijiji vyote vya mtoni, niliukuta majani yamefika kifuani. Paka mmoja alikuwa amelala juu ya ukuta uliobomoka. Nilimtazama kwa muda mrefu kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama.

Kutoka hapo nilishuka mto kwa mtumbwi wa wavuvi. Penye maporomoko tulishuka tukapita kwa miguu, mizigo kichwani, kisha tukaingia tena majini. Wavuvi walinitania kwamba mzee wa pwani anakaa mtumbwini kama gunia la chumvi linaloogopa kulowa.

Kindu, kwao Bitondo, tulifika asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya maji. Nilitaja jina la Bitondo kwa wanawake waliokuwa wakiosha mihogo, nao wakanipeleka kwa kaka yake, Kalonda, mtu mrefu mwenye mvi kidevuni. Nilimweleza kwa ufupi. Alisikiliza hadi mwisho, akakitazama kitambaa mkononi mwangu.

"Umetuletea kifo, shemeji, na kifo umekikuta hapa," alisema. "Mama tulimuzika wakati wa kupanda mahindi."

Alinipeleka kaburini, chini ya migomba ya mama mwenyewe. Nilifungua kitambaa, nikaumwaga udongo wa Tabora juu ya udongo wa Kindu. Haukuonekana tofauti. Nikakaa chini palepale.

Siku zilizofuata ndipo nilipojua kwamba nimeingia katikati ya jambo kubwa. Mama mkwe wangu alikuwa mpika pombe aliyejulikana hadi ng'ambo ya mto, Alunguli. Aliacha shamba la migomba na mtumbwi wa kukamulia, gogo kubwa lililochongwa ambamo ndizi hukanyagwa, jeusi kwa utamu wa miaka. Vitu hivyo havigawanywi. Wake wawili wa wanawe walivitaka: Wabiwa, mke wa Kalonda, na Feza, mke wa mdogo wake. Desturi yao ni kwamba siku ya kumaliza matanga kila mmoja wao huleta chungu kimoja cha pombe. Vyungu hulingana kwa ukubwa, hufunikwa majani, na waombolezaji hawaambiwi kipi ni cha nani. Hakuna anayeruhusiwa kusifu wala kulaumu. Chungu kinachoisha kwanza ndicho kinachoshinda, na aliyekipika huchukua mtumbwi na migomba.

Nilimwuliza Kalonda kwa nini wasimchague mtu wa kuonja na kuamua. Alinitazama kama anayemtazama mtoto. "Kinywa iko na ndugu," alisema. "Chungu hakina ndugu."

Kwa kuwa nilikuwa mkwe wa nyumba yote na sikuwa na upande, walinipa kazi ya kuwachotea waombolezaji siku hiyo.

Katika maandalizi nilikaa zaidi kwa Wabiwa, kwa sababu nilipewa chumba kwake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno. Alisema nimeoa kwao bila kuleta hata kuku, basi nitalipa kwa maji, akanipa mtungi. Nilipanda na kushuka ukingo ule hadi mgongo ukalia. Alifukia ndizi mbichi katika shimo lililotandikwa majani, akaelekeza moshi wa moto ndani yake, nazo zikaiva humo polepole. Kisha tulizimenya, akazikanyaga katika gogo dogo la kuazima pamoja na nyasi ngumu mpaka maji yakajitenga. Akachuja mara moja tu. Akatia kimea cha mtama kilichokaangwa, na mwisho akamimina machicha mazito kutoka kibuyu cheusi.

Kibuyu hicho mama mkwe alimpa kabla ya kufa. Machicha ya pombe iliyopita huanzisha pombe inayofuata, na hayo yalikuwa hayajakatika tangu mama mkwe alipokuwa msichana. Usipoyapikia pombe mpya mapema, alisema Wabiwa, yanakufa.

Kwa Feza nilipita pia. Mtu asidhani alikuwa mbaya. Alikuwa na watoto wengi na migomba michache, na alizoea kuwauzia wapiga makasia wanaoteremka na kiu. Pombe yake aliichuja mara mbili, akaizidisha maji, ikawa nyepesi na tamu. Alinipa nikanywa kata nzima bila kupumua.

Hapo nikaona hatari. Nilirudi nikamwambia Wabiwa kwamba pombe ya namna yake watu huinywa kwa kuonja, na chungu chake kitachelewa. Aongeze maji. Aliendelea kufunika chungu kwa majani ya mgomba, akikibana pembeni kama anayemfunika mgonjwa.

"Maji iko mutoni, shemeji. Kila muntu anajua njia."

"Utakosa mtumbwi."

"Nikitia maji, mutumbwi nitapata," alisema. "Lakini watu wanakuja kumaliza matanga ya mama. Watamaliza na nini? Na maji?"

Lakini nilimwona akitazama upande wa migomba ya mama.

Siku ya matanga uwanja ulijaa. Wanawake wawili walikaa ndani, kama desturi inavyotaka. Mimi nilisimama kati ya vyungu viwili, kata mkononi, na kila mtu aliyekuja alionyesha anachotaka kwa kidevu. Nilikuwa nimeruhusiwa kuonja kwanza. Chungu cha kushoto kilikuwa cha kukata kiu. Cha kulia nilipokitia mdomoni, nilikuwa Tabora, nyuma ya nyumba yangu, Bitondo ananiambia niondoe viatu mkekani. Nilimeza nikainama kama ninayetafuta kitu chini. Mchotaji haruhusiwi kusema neno.

Wavuvi walikunywa cha kushoto, wakarudi, wakanywa tena. Jua lilikuwa kali. Waliokunywa cha kulia walienda kukaa na vibuyu vyao magotini. Mzee mmoja alianza kusimulia namna marehemu alivyomfukuza kwa mwiko alipodokoa kimea. Watu wakacheka, kisha mwanamke mmoja akalia, na kilio kikazunguka, kilio cha kweli ambacho sikuwa nimekisikia tangu nifike. Kibuyu cha mzee kilikuwa bado kimejaa.

Kata ikagonga kitako cha chungu cha kushoto. Nikakiinua, nikakipindua mbele ya wote. Kalonda aliita aliyekipika, na Feza akatoka. Sura ya Kalonda haikubadilika alipotangaza kwamba mtumbwi na migomba ni vyake. Desturi ni desturi.

Lakini watu hawakuondoka. Walikaa kwenye chungu cha kulia hadi jioni. Feza mwenyewe alikuja na kibuyu chake, nikamchotea. Alikunywa kidogo, akafumba macho, akamgeukia Wabiwa aliyekuwa mlangoni.

"Hii njo pombe ya mama," alisema. "Dada, nigawie machicha."

"Mutumbwi umepata," Wabiwa alimjibu. "Machicha niachie mimi."

Siku ya kuondoka Wabiwa alinisindikiza hadi majini. Alinipa kibuyu kidogo cha machicha kilichozibwa kwa jani, akasema nikampikie Bitondo, na nisikimbie njiani kama ninavyokimbia siku zote, kwa sababu kitanifia.

Kurudi kulinichosha kuliko kwenda. Kila penye migomba ilinibidi nisimame, niombe ndizi, nizifukie, nisubiri, nipike ili machicha yasife. Kabambare yule mjane alinicheka, mwanaume aliyetembea nchi yote sasa anaatamia kibuyu, kisha akanisaidia kukanyaga. Ujiji misafara miwili ilinipita. Zamani ningeumia. Nilikaa kando ya chungu cha kuazima nikisikiliza povu.

Tabora nimefika. Nimepanda migomba nyuma ya nyumba, na sina safari nyingine. Pombe ya kwanza niliipika kwa ndizi za sokoni, nikamwaga kata moja kaburini, nikawaita majirani. Ilikuwa na uchungu kidogo, nao hawakusema lolote, walikuwa wanazungumza habari za Bitondo. Magharibi ilipoingia nilifunua jani nikachungulia. Chungu kilikuwa bado nusu, na hakuna aliyekuwa ameondoka.