Siri ya Mdogo Wangu Niliitoa Kwenye Maombi

Naomba nisitafutiwe udhuru. Mdogo wangu nilimharibia mimi, kwa mdomo wangu huu huu, tena nikiwa nimefumba macho na kukunja mikono kama mtakatifu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Chang'ombe, Dodoma, nashona sare za shule. Mdogo wangu, nimwite Neema, ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu kijijini Gulwe tulizaliwa wawili tu. Nilipopata chumba mjini nilimchukua, nikamsomesha kwa cherehani hii. Kwa hiyo nilijiona mama yake wa pili.

Mama alipofariki, Neema hakulia. Alipika, akagawa chai, akapokea wageni, na watu wakamsifu kwamba amejikaza. Miezi mitatu baadaye ndipo mambo yalipoanza. Ugali kwa mlenda unapoa mbele yake. Usingizi hana. Madaftari ya watoto hayasahihishwi, na yeye amekaa kitandani na viatu miguuni.

Nikawa namwambia, "Jikaze. Kwani mama alikuwa wako peke yako?" Nilidhani namtia moyo.

Mwalimu mwenzake ndiye aliyemwelekeza kwa mshauri, mama mmoja mwenye ofisi ndogo kule mtaa wa Kikuyu. Akawa anakwenda kila Alhamisi. Hakutolewa pepo wala hakupewa dawa. Alikaa, akaongea, akasikilizwa. Mshauri alimweleza kwamba msiba usipoliliwa hauondoki, unakaa ndani ukisubiri zamu yake. Akampa kazi ya kumwandikia mama barua.

Nilicheka. Barua kwa marehemu? Lakini wiki ya tano nilimkuta jikoni analia mpaka kwikwi, na siku hiyo alikula sahani mbili. Wiki iliyofuata nilimsikia akiimba huku anafua.

Ningepaswa kushukuru. Badala yake roho iliniuma. Nikamuuliza, "Huyo mama unamwambia nini ambacho mimi huwezi kuniambia?"

Akanijibu taratibu, "Dada, wewe nikikwambia nimechoka, unaniambia jikaze. Yeye ananiuliza nimechokaje." Kisha akaniomba, "Usimwambie mtu, dada. Unaijua Dodoma."

Naijua. Mji huu una hospitali ya wagonjwa wa akili, na jina lake tumeligeuza tusi tangu tukiwa watoto. Ukisema fulani anatibiwa akili, hakuna anayesubiri uendelee.

Jumamosi moja jumuiya ilisali kwangu. Sala zetu huzunguka nyumba kwa nyumba, na mwishoni kila mtu hutoa nia yake. Mmoja aliombea mvua, mwingine akamwombea mumewe aache pombe. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Namwombea mdogo wangu Neema, anayetibiwa ugonjwa wa akili, Mungu amrudishie akili zake."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia, hata waliokuwa wanasinzia.

Nilipofumbua macho, Neema alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Aliwamiminia wote, mmoja mmoja. Halafu akaingia ndani, akafunga mlango.

Jamani, siri ikitoka kwenye maombi husambaa na baraka zake! Hakuna aliyemsengenya. Kila mtu alikuwa "anamwombea." Kufikia Jumatano, mzazi mmoja ambaye mwanawe anavaa sare niliyoshona mimi alikwenda shuleni kuomba mtoto ahamishwe darasa. Watoto wakaanza kumwita Neema kwa jina la ile hospitali.

Alhamisi hakwenda Kikuyu. Nilipomuuliza akasema, "Nikaongee nini tena, dada, na mtaa mzima umeshaongea?" Chakula kikaanza kupoa upya. Muhula ulipoisha aliomba uhamisho, akakunja nguo zake kwenye begi lile lile alilokuja nalo kutoka Gulwe. Nasikia huko aliko amepata mshauri mwingine na anaendelea vizuri. Nasikia kwa watu.

Sasa niseme lile ambalo hata padri sijamwambia. Mwaka mzima nimekuwa nikisimulia kwamba siku ile sikujua kama Neema yupo nyumbani. Nilijua. Nilisikia sufuria zikigongana jikoni, nikapaza sauti kidogo. Nilitaka asikie. Nilitaka aone kwamba bila mimi hana wa kumsemea mbele ya Mungu wala watu. Wivu ule niliuvisha rozari shingoni.

Usingizi sasa umenihama mimi. Mwezi uliopita nilikwenda kwa yule mama wa Kikuyu, kitenge nimejifunika mpaka puani nisitambulike. Kabla ya yote aliniuliza ni nani anayejua kwamba nimekuja. Nikasema hakuna.

"Basi itabaki hivyo," akasema. Hapo ndipo nilipolia, maana ni kitu hicho hicho tu alichoniomba Neema.

Wewe mwenye ndugu anayehangaika moyoni, akikwambia amechoka, muulize amechokaje. Akipata wa kumsikiliza, msindikize mpaka mlangoni kisha umsubiri nje. Na ukitaka kumwombea, funga mdomo, Mungu atakusikia hivyo hivyo. Ukikaidi, utavuna ninachovuna mimi kila Jumapili.

Maana Neema simu yangu anapokea. Tulilelewa vizuri. "Shikamoo, dada," anasema, nami naitikia marahaba. Namuuliza habari za huko, ananiambia ni nzuri. Namuuliza kama amechoka.

"Hapana, dada."

Kisha anasubiri nikate simu.